Jina la Arobaini

Nani kati yenu ameuchukua ule ufunguo kwenye kopo la unga?

Msitazamane. Mnanipotezea muda, na muda wenyewe daktari ameshanipimia kwa kijiko cha chai. Luka, weka simu yako hapa juu ya mto, iache irekodi, wala usiichungulie kila dakika kana kwamba mimi ni mechi ya mpira. Violeth, funga mlango, kisha ukae upande huu wa dirisha niuone uso wako. Mamie yuko uani na cherehani yake, na akisikia asikie. Mwanamke yule alitoka Lubumbashi akaja kupanga chumba chetu cha nyuma hapa Rosettenville miaka kumi na moja iliyopita, na hakuna siri ya nyumba hii ambayo hajaipiga pindo.

Hakuna anayejibu? Haya. Nimekuwa askari magereza miaka ishirini na miwili katika mji huu wa Johannesburg, na kama kuna jambo nililojifunza pale ambalo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikunifundisha, ni kwamba mtu aliyeficha kitu usimkimbize kwa maswali. Mwache na ukimya wake, utamkwaruza wenyewe. Nitawauliza tena mwishoni. Kwa sasa sikilizeni, wanangu, maana haya ndiyo maneno yangu ya kuwaachia, na sina pumzi ya kuyasema mara mbili.

Nasema kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua kwako, Luka, Kiswahili kinaingia kwa kuchechemea, umekulia kwenye Kizulu cha barabarani na Kiingereza cha shule, lakini vumilia, dada yako atakufafanulia. Kwa Kiingereza najua kudanganya vizuri mno. Nimeandika taarifa ngapi kwa lugha ile, kwamba jambo linashughulikiwa, ilhali jambo lenyewe limelala fofofo kwenye droo! Kiswahili ndicho mama yangu alichonichapia, na ndani yake bado naogopa uongo.

Nianze na mali, ili msinisikilize kwa sikio moja huku la pili likipima kuta. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na mjomba wenu wa Morogoro akipiga simu kuuliza mila inasemaje juu ya mtoto wa kike, mwambieni mila ilistaafu siku moja na mimi. Mamie asiondolewe chumba cha nyuma mpaka atake mwenyewe. Vitabu vyangu vipelekwe kwenye maktaba ya shule, ila vile vilivyoliwa na mchwa, hivyo mpeni mchungaji, atasema vimebarikiwa. Sare yangu msinizike nayo. Nimeivaa vya kutosha nikiwa hai. Mnizike hapa, pembeni mwa baba yenu, wala msikodi hema la kujionyesha na viti vyenye mikia ya satini, kwa sababu nitakuwa ndani ya sanduku na sitaweza kuondoka.

Jirani yetu Jocelyne wa saluni mpelekeeni salamu. Miaka mitatu hatujasalimiana kwa sababu alisema kanisani kwamba sala zangu ni mihadhara. Alisema kweli. Mwambieni nimekubali, na kwamba rangi ile ya nywele haimpendezi.

Hayo ndiyo mepesi. Sasa niingie kwenye deni. Si la fedha, Luka, rudisha moyo wako mahali pake. Laiti lingekuwa la fedha, ningeuza jokofu nikalala usingizi.

Baba yenu Zwelakhe nilimpata Morogoro, alipokuwa uhamishoni na wenzake, kijana mwembamba aliyejua nyimbo nyingi kuliko mboga. Mwaka wa tisini na moja tulikuja kwao, Violeth ukiwa na miaka miwili mgongoni mwangu, mimi na shahada yangu ya elimu ya jamii ndani ya bahasha ya plastiki ili isilowane. Hakuna aliyeitaka. Nilipopata uraia, kazi ya kwanza iliyofungua mlango ilikuwa ile ya kufunga milango. Dada yangu aliposikia kwenye simu kwamba nimekuwa askari jela, na kwamba eti askari jela na polisi wa huku wana chama cha wafanyakazi, alicheka mpaka nikasikia kikombe kikianguka. "Paulina," akasema, "wewe unayewafungia wenzio, unadai nani akufungulie?"

Nikamwambia: dada, njoo uone. Mlinzi mmoja, mahabusu themanini na wawili, korido moja, na king'ora kilichoharibika tangu enzi za makaburu. Mwenzetu mmoja alichomwa shingoni kwa mpini wa mswaki ulionolewa sakafuni, akavuja damu dakika ishirini kabla mtu wa kumwona hajapita. Aliyemchoma alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amesubiri kesi yake miezi kumi na minne. Mlango ule ulituchosha sote, wa nje na wa ndani. Na sheria inasema sisi haturuhusiwi kugoma, kwa sababu tukigoma watu watakufa; kwamba hata tusipogoma wanakufa, sheria haikuwa na kifungu.

Basi mwaka wa tisini na sita tukakutana watu arobaini katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la samaki wa kukaanga, tukaanzisha tawi la chama katika gereza letu. Katibu alikuwa Duni. Mmewahi kulisikia jina hili kwangu? Hamjalisikia, na hiyo ndiyo sababu ya simu kuwa juu ya mto. Duni alikuwa mtu wa mtaa wa Alexandra, mrefu, mpole, mwenye mwandiko wa kutia wivu, na ndiye aliyeandika majina yetu kwenye daftari la kwanza, moja baada ya moja, lake akaliweka la mwisho. Nilimuuliza mbona anajiweka mkiani. Akasema, "Sista P, mpakuaji hula mwisho." Jina la arobaini ni lake. Shikeni hapo.

Violeth, wewe uliyevaa sare ile ile baada yangu, unajua, lakini simu haijui, kwa hiyo nieleze. Gerezani siku haimaliziki kwa saa, humalizika kwa hesabu. Seli zikishafungwa jioni, kila sehemu hupeleka idadi ya watu wake, jumla inafanywa, na hakuna askari anayevuka lango mpaka hesabu ilingane. Awe mgonjwa, awe bwana harusi, anasubiri. Na funguo ni hivyo hivyo: kila mmoja unarudishwa kwenye dirisha la funguo, anayepokea anautazama, anausaini kwenye daftari, anautundika ubaoni. Mwizi akitoroka ni aibu ya siku moja. Ufunguo ukitoka nje ya lango ni msiba, maana makufuli yote ya sehemu ile lazima yang'olewe.

Agosti ya mwaka uliofuata tuliamua jambo. Hatutagoma, tulisema, tutakaa tu. Tutafunga seli kama kawaida, chakula kitatolewa, wagonjwa watapewa dawa, hesabu italingana, funguo zote zitarudi ubaoni. Halafu badala ya kwenda nyumbani tutaketi uani, sote, na sare zetu, mpaka mkuu wa gereza aje azungumze nasi juu ya kuweka walinzi wawili kila korido. Duni ndiye aliyesisitiza habari ya funguo. "Ufunguo mmoja ukipotea," alituambia, "hatutakuwa tena wafanyakazi, tutakuwa genge." Siku hiyo akajipangia mwenyewe zamu ya dirishani.

Saa kumi na nusu jioni, hesabu ikiwa imeshalingana, nikaitwa kwenye simu ya ofisi. Alikuwa jirani. Luka, wewe ulikuwa na miaka mitatu, homa imekupanda, macho yamegeuka meupe, na baba yenu yuko safarini Durban. Nilitoka pale mbio. Nilipopita dirishani Duni alikuwa na watu saba mbele yake, akaniita juu ya vichwa vyao akiulizia ufunguo wa korido yangu, "Sista P, C2 imerudi?" Nami nikasema, "Imerudi." Sikudanganya, wanangu, bado. Kichwani mwangu ilikuwa imerudi, kwa sababu mkono uliokuwa ukirudisha ufunguo kila siku ulikuwa umeshazoea kuurudisha. Duni akanitazama, akaniona nilivyo, akasema, "Nenda kwa mtoto, nakusainia." Akasaini kwamba ameupokea ufunguo ambao hakuuona. Miaka yote ile hakuwahi kumsainia mtu. Alinisainia mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliuhisi hospitalini, kwenye benchi, nilipoketi nawe mapajani: chuma kirefu, baridi, kimenichoma nyonga. Ukutani mbele yangu kulikuwa na simu ya sarafu, na sarafu nilikuwa nazo. Nilisema, asubuhi. Nilisema, mtoto kwanza. Neno zuri sana hilo, mtoto kwanza, limeficha waoga wengi.

Asubuhi nilipofika, fundi alikuwa ameshang'oa makufuli yote ya sehemu ya C. Wakati wa usiku walihesabu funguo, ukakosekana mmoja, wenzetu wakafukuzwa uani kwa mbwa, na mkuu wa gereza akatangaza kwamba chama kimeiba ufunguo ili kuwatorosha wahalifu, na atakayekutwa nao atapelekwa mahakamani. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Uraia wangu ulikuwa haujatimiza miaka miwili. Nilifikiri watanipakia kwenye ndege, nami nitawaacha ninyi hapa, au nitawachukua nimwache baba yenu. Sijui kama wangefanya hivyo. Sikuwahi kuuliza. Niliogopa, nikaupa woga wangu jina la familia.

Daftari la funguo lilisema mimi nimerudisha na Duni amepokea. Wakamuuliza yeye. Angeweza kusema: sikuuona, nilimsainia Paulina. Maneno matatu. Akasema, "Saini ni yangu." Basi. Wakamfukuza kazi, na kwenye barua wakataja nambari ya ufunguo.

Nini, Luka? Usiseme "eish," sijafika pabaya.

Pabaya ni hapa. Wiki mbili baadaye tawi likakutana, chumba kile kile, harufu ile ile ya samaki. Mwenyekiti wa wakati ule, Mungu amrehemu, akasema ili chama kisalimike ni lazima tujitenge na mtu aliyeuza ufunguo kwa wafungwa, jina lake lifutwe daftarini, anayeafiki anyanyue mkono. Husemwa penye wengi hapaharibiki neno. Uongo mtupu, penye wengi ndipo neno huharibika bila mtu kujulikana. Mimi nilinyanyua mkono. Tena sikunyanyua nusu nusu kama wenye aibu. Niliunyoosha. Nikamwona katibu mpya akiweka rula chini ya jina la arobaini na kupitisha wino, nikajiambia angalau kalamu ile ni nzuri, haichafui ukurasa wa pili. Ndivyo akili ya msomi inavyofanya kazi inapokataa kufanya kazi.

Na mwaka uliofuata tukashinda! Walinzi wawili kila korido, king'ora kipya, hata mahabusu wakaanza kutolewa kuota jua mara mbili kwa siku. Mpaka leo sheria hiyo ipo, Violeth, na ndiyo iliyokuokoa wewe mwaka juzi pale yule mahabusu kijana alipokurukia na mwenzako akamdaka. Nilipiga magoti siku ile nikamshukuru Mungu, kumbe ningepiga simu nikamshukuru Duni.

Ufunguo niliutia kwenye kopo la unga wa mahindi, chini kabisa, ndani ya soksi ya mtoto. Baba yenu alipoukuta akaniambia urudishe, nikasema kesho. Mwaka mzima tuliongea kupitia ninyi. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." "Mwambie baba yako duka la spaza lipo pale pale kwenye kona." Kisha akaacha kusema, na katika ndoa, wanangu, mtu akiacha kukugombeza usidhani amekusamehe, amepunguza bei yako.

Duni akapata kazi ya ulinzi kwenye lango la maduka makubwa kule Fordsburg, pale wanapouza viungo na vitambaa. Mnakumbuka nilivyokuwa nawazungusha mtaa mzima hadi lango la nyuma, mkilalamika miguu, mkiniuliza kwa nini hatuingilii mbele kama watu? Ndiyo hiyo sababu. Siku moja lango la nyuma lilikuwa limefungwa. Akanifungulia mlango wa kioo, kofia mkononi, akasema, "Karibu, Sista P. Watoto hawajambo?" Nikanunua iliki nisiyoihitaji na kutoka kana kwamba nimeiiba.

Mei ya elfu mbili na nane, fujo za kuwapiga wageni zilipoanza kwao Alexandra, yeye ndiye aliyepiga simu hapa kabla redio haijatangaza. Akasema, wewe wanakujua ni wa nje, watoto wasizungumze Kiswahili njiani, usifungue geti. Jioni akaja mwenyewe, na sare yake ya ulinzi na kirungu, akasimama getini kwetu siku tatu. Siku tatu! Mlimwita mlinzi, mkadhani baba yenu amemwajiri. Na mimi, mwenye shahada, mwasisi wa tawi, nilimtolea nini? Chai. Nilimpelekea chai na mkate, nikamuuliza sukari vijiko vingapi.

Nipe maji, Luka. Kidogo. Kinywa kimekauka.

Sasa msikilize vizuri hili, maana ndilo linalonizuia kuondoka. Kila mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya ajenda yoyote, majina ya waasisi husomwa kutoka daftari lile. Aliye hai huitika mwenyewe. Aliyekufa, ukumbi mzima humwitikia: "Yupo!" Polisi wa vituo jirani huja, askari wa magereza mengine huja, watu hulia. Ni desturi nzuri, nami ndiye niliyeianzisha. Na mara ishirini na saba nimekaa kiti cha mbele nikihesabu kwa vidole chini ya mkoba: thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa. Kisha kimya kidogo. Kisha ajenda. Hesabu haijalingana hata mara moja, na kila mara wamenifungulia lango nikaenda nyumbani.

Januari, daktari aliponionyesha picha ya ini langu, nilikwenda Alexandra. Usishangae, Luka, nilichukua teksi, daladala ya huku, kama watu wote. Duni ana miaka sabini na miwili sasa, anaishi na mjukuu wake, goti halikunjiki. Nikamwambia yote, huku nimeandaa hotuba na machozi na maandiko mawili ya Biblia. Akanisikiliza, halafu akacheka. "Sista," akasema, "nilijua toka siku ile. Ungekuwa umeurudisha usingesema 'imerudi,' ungenitukana kwamba ninakuchelewesha. Msamaha nilikupa zamani, haukuwa na gharama. Jina langu lakini sikukupa. Jina langu nalitaka."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini alivaa viatu. "Ulikuwa na mtoto mgonjwa. Halafu nilisaini bila kuona. Kosa la kusaini lilikuwa langu. Lako lilikuwa la kunyamaza. Nilibeba langu." Kisha akanionyesha barua yao ya kumfukuza, ameitia kwenye fremu ukutani, pale ambapo wengine huweka picha ya harusi. Nambari ya ufunguo ipo, inasomeka.

Akaomba kitu kimoja. Chama chetu kina desturi: mwanachama akifa, wenzake wanakuja na sare, wanajipanga mistari miwili, sanduku linapita katikati. Duni anataka kupita katikati. Hicho tu.

Kwa hiyo Jumamosi hii mkutano mkuu utakapoanza, mtapeleka sauti hii, mtapeleka ufunguo, naye Duni atakuja na barua yake. Vikiwekwa mezani pamoja, nambari kwa nambari, hakuna atakayesema ni maneno ya mgonjwa aliyelewa dawa. Bila ufunguo ndivyo watakavyosema. Nawajua, nimewafundisha mwenyewe jinsi ya kuahirisha hoja. Wataunda kamati, kamati itaomba muda, na Duni atazikwa na majirani. Ufunguo ule ndio mguu wa maneno yangu. Mkiyapeleka bila mguu hayatafika mlangoni.

Na ufunguo haupo. Jumatatu nimejikokota hadi jikoni nikishika ukuta, nikazamisha mkono kwenye kopo mpaka kwenye kiwiko, nikakuta unga.

Sasa nifikiri kama askari. Mamie hali ugali wetu, anasema ni mgumu kama saruji. Luka, mwanangu, wewe ni polisi hodari na nakupenda, lakini hujui unga unakaa wapi katika nyumba hii, wala chumvi, wala sufuria. Mwizi wa kopo lile ni mtu anayepika.

Mtu huyo namsemesha bila kumtazama. Ninajua kwamba Jumamosi hiyo hiyo kuna uchaguzi wa mwenyekiti wa tawi, na kwamba kuna fulana mia mbili zimeshachapishwa, zimeandikwa "Binti wa Mwasisi." Ninajua pia unachoutakia uenyekiti ule. Huutaki kwa ajili ya gari. Unataka wale wanawake wa zamu ya alfajiri wapate usafiri wa kuwafikisha nyumbani salama, na unataka polisi na magereza waache kununiana ndani ya chama kimoja. Ni mambo mema. Utayafanya vizuri kuliko mimi, kwa sababu wewe husikiliza kabla ya kuwa na jibu, kipaji ambacho sijui ulikirithi kwa nani. Nimekutazama ukikua ndani ya sare ile na nimesema moyoni, kumbe yale yote hayakupotea.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Nitazame mimi. Mtu aliyeupata ufunguo ule aliisoma ile alama ya C2, akaelewa, kwa sababu yeye mwenyewe hushika funguo kila siku, akajiambia, nisubiri. Baada ya uchaguzi. Baada ya mazishi. Asubuhi. Kesho. Ninaujua wimbo huo, mwanangu, nimeutunga mimi, nimeuimba miaka ishirini na minane, na nakuambia hauna ubeti wa mwisho. Wakikunyima kura kwa sababu ya ukweli, gombea tena mwakani, umri unao. Na huenda wasikunyime. Watu wa chama kile wamechoka kudanganywa na watu wanaonukia marashi. Mtu akisimama mbele yao na aibu ya mama yake mkononi, akasema hii hapa, ihesabuni... wallahi mimi ningempigia kura mara mbili.

Nimechoka. Ngojeni.

Mto, Violeth. Hapo. Ahsante.

Yaliyobaki ni machache. Daftari la kwanza, chama kiliniachia nilitunze, liko chini ya kitanda hiki, limefungwa na kanga ya bibi yenu. Lipelekeni. Msiandike jina lake upya mahali pengine, kwenye ukurasa safi, kwa kompyuta. Liandikeni pale pale juu ya mstari uliolifuta, mstari uonekane, watoto waulize. Kwenye mazishi yangu asisome mtu wasifu wenye neno shujaa. Someni kwamba alipika vizuri, alisahau ufunguo, alinyamaza, akasema. Duni akitaka kuja, mpeni kiti cha mbele na chai. Sukari vijiko vitatu, ndivyo alivyoniambia.

Baraka zangu siwafanyii biashara. Nawapa sasa, kabla sijajibiwa, wote wawili, mwenye ufunguo na asiye nao. Mungu awape kazi inayowaacha mlale. Awape wenzi wa kuwagombeza. Mkifungia watu, mkumbuke ni watu. Mkifunguliwa, mkumbuke nani aliyesaini. Msije mkaachana kwa ajili ya nyumba. Ini langu lilale na mimi, lisiwafuate. Nimewapenda... nimewapenda kwa ukali, ndiyo namna niliyokuwa nayo.

Sasa jua linashuka, nauona ukuta wa Jocelyne umegeuka mwekundu. Ni saa ya hesabu. Nami sivuki lango mpaka ilingane, safari hii sivuki. Luka?

"Nipo, Mama."

Mmoja.

Violeth.

Violeth?

Sauti, mwanangu. Simu haisikii kichwa kinachotikiswa.

"Ni mimi, Mama. Niliuchukua mimi, mwezi wa tatu, siku nilipokukorogea uji. Nilikuwa nasubiri ufe kwanza. Ninao hapa, mfukoni mwa sare. Nimepita nao langoni kila siku."